Vijiko vya Anastazia

Anastazia alikuwa na maneno mengi juu ya mkwewe Zablon, na karibu yote yaliishia kwenye mfuko. Ulikuwa mfuko wa turubai la kijani, umeshonwa kwa uzi wa viatu, unaning'inia kwenye bomba la baiskeli ya Zablon popote aendapo: kazini, kanisani, msibani, hata siku aliyokuja kuoa. Ndani mlikuwa na pampu, spana, msasa, gundi ya kuzibia pancha, vipande vya mpira mkuukuu, na vikorokoro vingine ambavyo Anastazia hakuwahi kuviona kwa macho ila kuvisikia kwa masikio, kwa sababu mfuko ule ulipiga kelele kuliko njuga za mbuzi. Zablon akiwa bado hajatokea kwenye kona, mfuko umeshabisha hodi.

Majirani walikuwa wameuzoea wimbo wa Anastazia. Mtu ni fundi wa kujenga nyumba, angewauliza, spana za baiskeli za nini? Mwanamume anayetembea na gundi ya pancha anaiombea baiskeli yake mabaya. Yeye mwenyewe alikuwa na baiskeli, ya kike, isiyo na bomba la juu, aliyoinunua kwa alizeti za shamba lake, na aliiendesha kijijini amenyoosha mgongo kama diwani anayekwenda kufungua kisima. Hakubeba hata pampu. Alisema baiskeli ni kama mtoto, ukiianzia asubuhi kwa kuionyesha fimbo, ujue jioni utaichapa. Na kweli, ilikuwa haijawahi kumwangusha, jambo alilolichukua kuwa ni akili yake wala si bahati.

Hayo yote hakumwambia Zablon mwenyewe, na asingeweza hata kama angetaka. Katika nyumba aliyozaliwa Anastazia, mama mkwe na mume wa binti yake hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawakalii kiti kimoja, hawali mbele ya mwenzake, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mwanamume husimama kando na kugeuzia uso kichakani mpaka mama apite. Vijana wengi siku hizi wameyaacha hayo, na mchungaji alishasema hayamo katika Biblia, lakini Anastazia alilelewa nayo akayapenda. Zablon naye, kwa heshima au kwa woga, aliyashika kuliko hata alivyotakiwa. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Mjukuu wa kwanza akizaliwa, bibi humpakata, kisha humweka mikononi mwa baba yake, na tangu siku hiyo heshima inabaki ila ukuta unaanguka.

Mjukuu huyo sasa alikuwa njiani. Edina, binti yake Anastazia wa pekee baada ya wavulana watupu, alikuwa kwenye kituo cha afya upande wa Chemba, katika chumba cha kungojea uzazi, na mama yake alikuwa amekaa naye siku kadhaa. Mkunga Ruthu alimpima, akasema bado, huenda wiki ijayo. Ndipo Anastazia akaona apande baiskeli, arudi nyumbani mara moja kuchukua unga wa ulezi na kuku wa mchuzi, maana mkono mtupu haulambwi, na mzazi hali maneno. Wakati wa kuagana Edina alimshika kanga. Alisema, "Mama, usichelewe." Alisema hivyo tu, lakini Anastazia alirudi nyumbani na maneno yale kifuani.

Alikuwa na sababu. Siku alipomzaa Edina, mama yake mwenyewe alikuwa amekwenda kumzika ndugu, na alifika jioni, kila kitu kimekwisha. Anastazia alikuwa ameita "mama" mchana kutwa ukutani, na ukuta haukuitika. Hakumlaumu marehemu, mtu hachagui siku ya msiba, lakini hakusahau. Alikuwa ameapa kwamba Edina akiita, kutakuwa na mtu wa kuitika.

Simu ya Ruthu ilikuja asubuhi yake, jua likiwa bado dogo na upepo wa Julai ukivuma vumbi mlangoni. Mtoto amebadili mawazo, alisema Ruthu, anakuja leo. Anastazia alitafuta bodaboda, akakumbuka ilikuwa siku ya mnada, na vijana wote wenye pikipiki walikuwa wamekwenda kubeba watu na mbuzi wao. Basi akaufunga unga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akamtia kuku jike mwekundu kwenye tenga dogo, akalifunga tenga kwenye keria, akaondoka bila kunywa hata chai.

Alikwenda vizuri mpaka alipoingia kwenye njia ya mkato inayopita migungani. Pale mbigili zilikuwa zimekauka na kutapakaa njia nzima, na mtu mwenye subira angeshuka na kukokota. Anastazia hakuwa na subira siku hiyo. Muda si muda gurudumu la nyuma lilianza kuyumba, kisha rimu ikaanza kugonga mawe. Aliposhuka na kulibonyeza tairi, lilikuwa laini kama kisamvu.

Alisimama katikati ya pori na baiskeli, kuku na unga, bila pampu. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue baiskeli ile aliitukana, kisha akajitukana mwenyewe, kisha akamwomba Mungu amsamehe matusi yote mawili na amletee mtu yeyote mwenye vifaa. Angetafakari kidogo kabla ya kusema "yeyote." Kwa mbali nyuma yake alisikia vyuma vikigongana, na moyo ukamshuka, maana aliijua kelele ile hata usingizini.

Zablon naye alikuwa amepigiwa simu. Alikuwa akijenga darasa kijiji cha juu, akaacha mwiko ndani ya zege akapanda baiskeli na saruji ikiwa bado mikononi. Alipomwona mama mkwe wake amesimama njiani alifunga breki mbali kabisa, akashuka, akaingia kichakani, akageuza mgongo. Anastazia naye akageuza wake. Wakakaa hivyo, kila mtu anatazama mti wake, na mtoto anakuja huko Chemba bila kumngoja mtu.

Mtu akibanwa na neno la lazima, desturi ilikuwa na tundu: unamwambia mtu wa tatu, naye anafikisha. Pale hapakuwa na mtu wa tatu. Palikuwa na kuku.

Zablon ndiye aliyeanza. Alikohoa, akasema kwa sauti ya kutosha, "Kuku, shikamoo ya mama naomba uifikishe. Na umwambie kwamba tairi lake nimeliona. Akipenda kupumzika kwenye kile kivuli, mimi nitaliziba upesi."

Anastazia alikuwa akimchukulia mkwewe kama mtu mzito wa akili, na alilazimika kukiri moyoni kwamba hapo amefikiri. Lakini wazo la kukaa kivulini huku mfuko ule ukimwokoa lilimkaa kooni kama mfupa wa perege. Tena Zablon angeshika tandiko alilokalia yeye. Akamwambia kuku kwamba marahaba, na kwamba vifaa viachwe chini njiani, kazi ataifanya mwenyewe, mikono anayo. Kuku aliguna mara moja, akanyamaza.

Basi Zablon akauweka mfuko njiani, akarudi nyuma ya kichaka chake. Anastazia akaipindua baiskeli miguu juu, akamimina vya mfukoni kwenye kanga yake ya begani. Pampu, spana, msasa, gundi, vipande vya mpira. Na katikati ya vyote hivyo, vikiwa vimefungwa pamoja kwa ukanda wa mpira, vijiko viwili vyenye ua dogo kwenye mpini.

Alivijua kabla hajavishika. Alivinunua mwenyewe Dodoma mjini, dazeni nzima, chuma kizito kisichopinda, akampa Edina siku ya harusi pamoja na sufuria. Miezi michache baadaye alikwenda kumtembelea, akala wali, akahesabu vijiko kama mama yeyote anavyofanya, akakuta viwili havipo. Edina alitazama pembeni akasema hajui. Kwa mwaka mzima Anastazia alikuwa amewashuku mawifi wa Edina, hasa yule mwenye kucheka sana, na alikuwa amekwisha kuacha kumsalimia kanisani. Kumbe vijiko vyake vilikuwa hapa, ncha zimepigwa nyundo zikawa bapa, kwa kazi ya kubanjua matairi kwenye rimu.

Hapo ndipo alipoujua uchungu wa kutoruhusiwa kumgombeza mtu usoni. Alimgeukia kuku. Alimweleza kuku habari ya vijiko, bei yake, duka lake, joto la siku ile aliyovinunua, na malezi ya watu wanaotoa chombo cha kulia wakakipeleka kulala na grisi. Kuku alisikiliza akiwa amefumba jicho moja. Nyuma ya kichaka, mtu alitamani ardhi ipasuke.

Mwishowe sauti ndogo ilitoka. "Kuku, mwambie mama nina makosa. Vya dukani vya kubanjulia hupinda. Hivyo vyake havipindi. Nilijaribu kimoja tu, kikawa kizuri mno, na kimoja peke yake hakitoshi, tairi linataka viwili."

Ilikuwa sifa ndani ya ungamo, na Anastazia akaijibu kwa kufanya kazi. Na kazi aliiweza, maana alikuwa ameona mafundi wakiziba tangu utoto wake. Alichomeka kijiko cha kwanza chini ya ukingo wa tairi, akakikandamiza, akachomeka cha pili, akavuta, na tairi likatoka kwenye rimu kirahisi kabisa. Ni kweli, havikupinda. Akatoa mpira wa ndani, akautia upepo, akautemea mate mpaka akaona povu, akausugua kwa msasa, akapaka gundi, akangoja ikauke kwa kupepea kanga, akabandika kiraka na kukigonga kwa kitako cha spana.

"Kuku," ilisema sauti ya kichakani, "mwambie mama kabla hajarudisha mpira, apitishe vidole ndani ya tairi taratibu, mzunguko wote. Mwiba hupenda kubaki."

Anastazia alikuwa bado na hasira ya vijiko. Alimwambia kuku amjibu mwenzake kwamba yeye ametoa miba miguuni mwa watoto wake wote huyo akiwa bado hajazaliwa, na hahitaji kufundishwa mwiba ni nini. Akarudisha mpira, akapampu, akavitupia vifaa vyote mfukoni, akauacha mfuko njiani, akaondoka bila kutazama nyuma. Mdharau mwiba mguu huota tende, wahenga walisema, nao hawakusema habari ya tairi kwa sababu hawakuwa nalo.

Zablon alimfuata kwa mbali. Angeweza kumpita, kijana wa miguu ile, na mtoto aliyekuwa akizaliwa alikuwa wake. Lakini mkwe hapitwi njiani bila ruhusa, na ruhusa hakuomba. Kwa hiyo kila Anastazia alipopunguza mwendo, mfuko nyuma yake ulipunguza kelele, na alipokazana ulikazana, mpaka akahisi kama anachungwa.

Walipofika kwenye korongo la mchanga, jua lilikuwa limekwisha kupanda katikati ya mbingu. Anastazia alishuka akakokota, akapandisha ukingo wa pili, na pale juu mtandao wa simu ukarudi. Simu ikalia palepale; alikuwa Ruthu. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mama, yuko karibu. Anakuita wewe." Na nyuma ya sauti ya Ruthu, mbali kidogo, kama mtu aliye chumba cha pili, Anastazia alimsikia mwanawe.

Aliruka juu ya tandiko. Gurudumu la nyuma halikuzunguka hata mara tatu kabla rimu haijagonga jiwe. Alishuka, akalibonyeza tairi, na safari hii hakumtukana mtu. Alijua. Kiraka chake kilikuwa kizima, na pembeni yake, mwiba uleule ambao vidole vyake vilikataa kuutafuta ulikuwa umetoboa tundu jipya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hapo Anastazia aliujua mara mbili: wa binti anayeita, na wa mama yake mwenyewe, ambaye pengine naye alikuwa amesimama mahali njiani siku ile, akiona jua linakwenda. Machozi yalimtoka. Hakuwahi kumfikiria mama yake namna hiyo.

Zablon alikuwa amesimama chini korongoni, mgongo umegeuzwa. Alimwambia kuku kwamba kuna baiskeli nzima hapa. Mama akipenda, apande nyuma kwenye keria apelekwe. Kama hiyo haiwezekani, basi aichukue baiskeli aende, yeye atabaki na hiyo mbovu.

Kupanda keria ya mkwe lilikuwa jambo ambalo hata kuku alionekana kulishangaa. Kukalia tandiko la mkwe halikuwa mbali sana na hilo. Na bomba la juu lingetaka mama wa watu apandishe gauni mpaka magotini ili avushe mguu. Anastazia aliyapima yote hayo, na alipomaliza kuyapima aliona hayafikii uzito wa sauti moja iliyokuwa ikiita chumba cha pili.

"Zablon," alisema.

Kijana alishtuka kana kwamba ameguswa na moto. Jina lake lilikuwa halijawahi kutoka katika kinywa kile.

"Ilete hapa baiskeli yako. Kisha geuka, ufumbe na macho. Mimi natangulia, wewe ziba hii unifuate."

Aliileta, ameinamisha kichwa, akaisimamisha kwenye stendi, akakimbia mpaka chini ya mgunga na kugeuzia uso shina. Alifumba macho, akayafunika na viganja juu yake, maana Zablon alikuwa mtu wa kukaza kila kitu mara mbili. Anastazia akakaza kanga ya unga mgongoni, akapandisha gauni, akavusha mguu, akasukuma stendi kwa kisigino na kwenda zake. Baiskeli ilikuwa ndefu na nyepesi, imepakwa mafuta vizuri, inateleza. Hakujua kama baiskeli huweza kwenda hivyo.

Kelele ya vyuma ilikwenda naye, ikigonga goti lake kwa kila mzunguko, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakujiuliza ni ya nini. Alichogundua ni kwamba njia ilikuwa ikimfungukia. Watu waliisikia kelele kabla hawajamwona, wakasogea kando wakitabasamu. Penye magenge ya mkaa, muuza mkaa mmoja aitwaye Habibu alikuwa ameshapindua baiskeli yake miguu juu kando ya njia na amekaa akingoja kwa utulivu kabisa. Aliposikia vyuma aliinuka, akasema kwa furaha, "Zablon, karibu, leo ni la mbele." Kisha akamwona mama mtu mzima, gauni magotini, akipita kama upepo. Mbele kidogo mwanamke mwenye mtungi aliuliza pampu. Kila mahali ilikuwa hivyohivyo. Anastazia alianza kuelewa kwamba njia nzima ile, watu na magurudumu yao, ilikuwa imeacha kubeba vifaa tangu Zablon aanze kubeba vyake.

Aliingia kwenye lango la kituo cha afya bila kushika breki. Ruthu alikuwa mlangoni, akamsaidia kunawa, akamvisha gauni la wodini, akamsukuma ndani. Edina alikuwa amegeukia ukuta. Aliita, "Mama," kama mtu asiyetegemea jibu.

"Niko hapa," alisema Anastazia.

Alilisema neno lile kwa ajili ya binti yake, na kwa ajili ya msichana mwingine wa zamani aliyeita mchana kutwa, na wote wawili walilisikia. Edina alimshika mkono akauminya mpaka mifupa ikalia. Ilichukua muda, kukawa na jasho na kelele na maombi, na Ruthu akiamuru kama askari. Jua lilipoanza kuinama, mtoto wa kike alitoka akiwa na hasira na ulimwengu mzima. Bibi yake alimtambua mara moja kuwa ni wa ukoo wake.

Baadaye Ruthu alisema mzazi apewe uji, lakini kidogo kidogo kwa kijiko, asipewe kikombe, maana alikuwa amechoka mno kuinua kichwa. Anastazia alipika uji wa ulezi kwenye jiko la nyuma, akapata bakuli, akatafuta kijiko. Hapakuwa na kijiko. Aliyekuwa nacho wodini alikuwa ametoka nacho. Akatoka nje kwenye baiskeli, akitumaini kwamba labda katika vurugu zake alitia kijiko mahali, na hapo macho yake yakauangukia mfuko wa turubai la kijani, unaning'inia kwenye bomba kama kawaida yake.

Alisimama akiutazama. Halafu akaketi chini palepale, akashika mdomo. Alikuwa amemwachia kijana wa watu tairi bovu katikati ya pori, akaondoka na vifaa vyote, mpaka msasa. Na huyo kijana, kwa heshima yake, alikuwa amefumba macho na kuyafunika juu, asione mfuko wake ukienda, na kelele yake alishaizoea hata haisikii. Anastazia alicheka mpaka wauguza wagonjwa wakachungulia, na katikati ya kicheko akaona aibu, aibu ya kweli, iliyomfanya ainuke na kuvua kile kicheko usoni.

Alivichemsha vijiko vile kwa maji na sabuni, akavisugua kwa mchanga, akavichemsha tena. Edina alipoletewa kijiko cha kwanza cha uji alikitazama ile ncha yake bapa, akamtazama mama yake, akafumba macho kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Kula," alisema Anastazia. "Tumeshayazungumza. Kuku alikuwepo."

Zablon alifika jua likiwa linagusa vilima. Alikuwa amekokota baiskeli ya mama mkwe wake njia nzima, vumbi mpaka kwenye kope, na tenga la kuku keriani. Wauguza wagonjwa waliokuwa ukumbini walipokea habari zake kabla hajafika mlangoni. Kila aliyekutana naye njiani alikuwa amemtania. Aliomba pampu kwa watu aliowazibia pancha miaka yote, na kila mmoja alimjibu kwamba hana, kwani yeye mfuko wake uko wapi? Yeye na Habibu wa mkaa, ambaye naye alikuwa akikokota baiskeli yake, walifuatana nusu ya njia wakicheka kama wendawazimu, na Habibu aliapa kununua pampu yake mwenyewe mnada ujao.

Anastazia alitoka nje akiwa amempakata mtoto. Zablon alipomwona alifanya alivyozoea, akageuka kutafuta kichaka, lakini uwanja wa kituo ulikuwa umefagiwa na hapakuwa na kichaka. Alibaki amesimama, ameinamisha macho, mikono imening'inia. Anastazia alimfikia, akasimama mbele yake kwa karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaviona vidole vyake vilivyopasuka kwa saruji na usoni mwake michirizi miwili ambapo vumbi lilikuwa limelowa.

"Mpokee mwanao," alisema, akamweka mtoto mikononi mwake. Mikono yao iligusana, na mbingu haikuanguka. Zablon alimtazama binti yake. Alilia kimya kimya, na wala hakuona haya.

Walipoingia wodini na Edina kucheka na kulia vya kutosha, Anastazia alimwelekeza mkwewe aketi kwenye benchi, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amekaa. Akachota uji uliobaki kwenye bakuli, akachomeka kijiko bapa, akamkabidhi mkononi. Kula mbele ya mama mkwe ndilo lililokuwa la mwisho na gumu kuliko yote, na Zablon alilishika bakuli kama linaungua.

"Umekokota kwa ajili yangu," alisema Anastazia. "Mwiba niliuacha mimi, ulikwishaniambia. Vijiko vyote viwili ni vyako tangu leo, ila nitakutafutia vingine viwili kama hivyo, unipigie nyundo, nami nibebe vyangu. Umenielewa?"

Zablon aligeuza kichwa taratibu kuelekea pembeni mwa benchi, ambapo kuku mwekundu alikuwa amelala ndani ya tenga, amechoka kwa safari.

"Usimtafute kuku," alisema Anastazia. "Nijibu mimi."

"Nimekuelewa, mama," alisema Zablon, akala.